Dodoso liwe la wote, majibu yawe na kufuli

Hotuba kwa watafiti, wauguzi, wanafunzi na watu wanaoishi na maradhi ya akili, Upanga, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, wauguzi mliotoka zamu ya usiku mkaja hapa moja kwa moja, wanafunzi, na ndugu zetu mnaoishi na maradhi ya akili pamoja na wanaowauguza nyumbani, itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi. Foleni ya Morogoro Road imeshakula dakika zangu za salamu, kwa hiyo naingia kazini.

Nimepewa mada ndefu: namna ya kujenga jumuiya ya wazi ya kushirikiana katika utafiti wa data za afya ya akili. Langu ni moja. Namna tunavyouliza na namna tunavyohesabu tuziweke wazi, kila mtu azione, azikosoe, azitumie. Alichojibu mgonjwa tukifunge. Leo hapa mjini tunafanya kinyume chake: dodoso limefungiwa kabatini, huku faili la majibu linazunguka kwenye flash na kwenye magrupu ya WhatsApp.

Chukueni PHQ-9, dodoso la kupima sonona, ambayo karibu kila mtafiti hapa ameshaitumia. Ilichapishwa mwaka 2001. Ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: kukosa hamu ya kufanya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, kula, kujiona umeshindwa, na kuendelea hadi swali la tisa, ambalo nitalirudia. Kila swali lina majibu manne, kuanzia "hapana kabisa" hadi "karibu kila siku", yenye alama 0 hadi 3. Jumla ya juu kabisa ni 27, na wengi wetu tunakata mstari kwenye 10. Aliyefika hapo tunasema aangaliwe zaidi. Tena haina ada, tofauti na dodoso la Beck ambalo lina mwenyewe na linauzwa. Ndiyo maana utaikuta kliniki ya mama na mtoto, utaikuta CTC, yaani kliniki ya VVU, utaikuta kwenye tasnifu za vyuo.

Sasa tuseme tuna mafaili mawili, la Temeke na la Kinondoni. La Kinondoni limeandikwa 0, 1, 2, 3. Aliyetengeneza fomu ya Temeke kwenye simu aliona majibu manne, akayapa namba 1, 2, 3, 4, kama binadamu yeyote anavyohesabu. Mama asiye na shida yoyote Kinondoni anapata 0. Mama yuleyule angeulizwa Temeke angepata 9. Na akisema tu kwamba siku kadhaa hakulala vizuri, kwa sababu ni Februari, joto la Dar mnalijua, na ana mtoto mchanga, amefika 10. Amekuwa mgonjwa. Atakayeunganisha mafaili hayo bila kujua atatuandikia kwamba sonona imeshika Temeke kuliko Kinondoni, gazeti litachapisha, na mtu wa mipango atahamisha muuguzi kutoka huku kwenda kule. Hakuna aliyedanganya katika safari yote hiyo. Kilichokosekana ni karatasi moja inayosema namba hii maana yake nini.

Karatasi hiyo ndiyo kitabu cha misimbo, na huo ndio mtaji wetu wa kwanza. Iseme kila safu ya jedwali imetoka swali gani, kwa Kiswahili kilekile alichoulizwa mtu. Iseme aliyekataa kujibu ameandikwaje. Mnaweka 99, sawa, lakini kuna siku mtu atajumlisha hiyo 99 kama umri, mtaona bibi wengi kwenye kliniki ya wajawazito. Na tafadhali, alama za maswali yote tisa zihifadhiwe, isiwe jumla peke yake. Ukinipa jumla tu siwezi kujua kama watu wako hawalali au wanataka kufa, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kwa nini nasisitiza kuunganisha? Kwa sababu mmoja mmoja hatuoni kitu. Watafiti wa vinasaba vya maradhi ya akili waliligundua hilo mapema. Kila timu ilikuwa na wagonjwa wake wachache, na alichokiona mmoja mwenzake hakukiona. Mwaka 2007 wakaanzisha Psychiatric Genomics Consortium, wakakubaliana kuchambua kwa pamoja. Kufikia 2014, wakiwa na wagonjwa wa skizofrenia karibu 37,000 na watu wasio na ugonjwa huo zaidi ya 113,000, walipata maeneo 108 kwenye vinasaba yanayohusiana na ugonjwa. Mwaka 2022 yakafika 287. Ila sehemu kubwa mno ya watu hao asili yao ni Ulaya. Hapa kwetu Afrika, utafiti wa NeuroGAP-Psychosis umefanyika Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Sisi tupo katikati ya ramani na hatumo kwenye orodha.

Wala tusiseme hatuwezi. Kwenye VVU tumeweza. Kadi ya CTC ya Mwananyamala na ya Bukoba zinasomana, kwa sababu kuna siku watu walikaa wakakubaliana nini kiandikwe na kiandikwe vipi. Kwenye akili tuna MTUHA, mfumo wa taarifa wa vituo vya afya, na naiheshimu, ila inatuambia wangapi wamekuja; haituambii waliendeleaje. Na wengi hawaji kabisa. Wanaanzia kwa mganga, wanapita kwenye maombi, wanatufikia hali ikiwa imeshaharibika. Jumuiya itakayokusanya data za hospitali tu itakuwa inawasoma waliochelewa.

Kuna mfano mwingine wa hapahapa mjini ambao naupenda zaidi. Kuanzia 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Mlimani, pamoja na wakazi wa kata zinazofurika, walitembea na simu wakachora mitaro, nyumba na vichochoro katika Ramani Huria. Waliyachora kwenye OpenStreetMap, ramani ya wazi ya mtandaoni, kwa hiyo mtu yeyote duniani anaweza kuipakua Tandale yote bila kuomba ruhusa. Kilichonivutia si ramani yenyewe. Ni kwamba mjumbe wa mtaa alikuwa anamsahihisha mwanafunzi wa shahada: maji hayapitii hapo, yanapitia nyuma ya msikiti. Mwenye eneo anamfundisha mwenye kifaa. Hiyo ndiyo jumuiya ninayoitaka.

Ila nakili yake tusiichukue nzima nzima. Mtaro hauoni aibu. Mtaro haufukuzwi kazi, haunyimwi mchumba, haunyang'anywi watoto.

Najua kuna atakayesema, si tunafuta majina? Tunafuta, na haitoshi. Mwaka 1997 huko Marekani, Latanya Sweeney, wakati huo bado mwanafunzi, alichukua data za matibabu za watumishi wa serikali ya jimbo la Massachusetts. Zilikuwa zimetolewa kwa watafiti bila majina. Akanunua daftari la wapiga kura la mji wa Cambridge kwa dola 20. Akalinganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta, akamtoa gavana mwenyewe, William Weld, na rekodi zake za hospitali. Sasa sisi hatuhitaji hata hizo dola 20. Niandikieni tu: mwanamke, miaka 34, mwalimu wa shule ya msingi, Mbagala, mtaa fulani, alilazwa mwezi wa tatu. Balozi wa nyumba kumi atamtaja jina kabla sijamaliza kusoma. Mpangaji mwenzake atasema alikuwa anaongea peke yake usiku.

Na zikivuja, hazirudi. Kule Finland kulikuwa na kampuni ya tiba ya mazungumzo iitwayo Vastaamo. Mwaka 2020 mwizi aliyekuwa ameiba maelezo ya wagonjwa, yale waliyoyasema faraghani kwa mtaalamu, alianza kuwaandikia wagonjwa mmoja mmoja: lipa euro 200 kwa bitcoin au ninayaanika. Kampuni ilifilisika mwaka uliofuata, na aliyeshtakiwa alihukumiwa kifungo mwaka 2024. Finland, jamani, nchi yenye pesa na wataalamu wa mifumo. Sisi nywila yetu ni jina la idara na mwaka.

Kwetu kuna la ziada. Kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikasema kinakwenda kinyume na Katiba. Sisi bado tunacho. Maana yake, mtu akijibu kweli kwamba mwaka jana alijaribu kujiua, katika dodoso lako amekiri kosa. Unalibeba kwenye flash? Unalituma kwa barua pepe ya bure? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye fungu la taarifa nyeti. Wanasheria watatueleza vifungu mchana. Mimi nasema, hata isingekuwepo sheria, aliyekuambia neno hilo alikuamini.

Ndiyo nakuja kwenye kufuli. Kinamama mlio kwenye vikoba mnajua. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu ambao si wa nyumba moja. Mwenyekiti hawezi kulifungua peke yake hata awe mcha Mungu namna gani, na hakuna anayeona ametukanwa. Napendekeza majibu ya wagonjwa yakae hivyo. Ufunguo mmoja kwa kituo kilichokusanya, wa pili kwa kamati ya utafiti, wa tatu kwa mtu aliyechaguliwa na wagonjwa wenyewe. Asiyeridhika ana haki ya kukataa, na hatulazimiki kumbembeleza.

Kiufundi inawezekana bila data kutoka chumbani. Tunatengeneza faili bandia: safu zilezile, misimbo ileile, watu wa kubuni. Hilo tunaliweka hadharani, mwanafunzi wa Mlimani au wa Mbeya analipakua, anajifunzia, anaandikia programu yake ya uchambuzi kwenye R, lugha ya kompyuta ya takwimu, usiku bando likiwa rahisi. Programu ikikamilika anaituma. Msimamizi wa data anaiendesha juu ya majibu halisi, ndani, na kinachotoka ni jedwali tu. Jedwali lenye kisanduku cha watu chini ya kumi halitoki, kwa sababu tukisema wavuvi wawili wa Kunduchi wana skizofrenia tumeshawataja. Programu hiyo nayo tunaiweka wazi na jina la aliyeiandika, mwingine aikague. Hapo ndipo uwazi unapotufaa: kosa la 0 na 1 nililolieleza mwanzoni mwanafunzi wa mwaka wa pili angelikamata kwa nusu saa, kama angeruhusiwa kuona.

Niseme juu ya wagonjwa, kwa sababu hapa tunapenda kuwaalika wafungue mkutano kwa ushuhuda, tuwapigie makofi, wapewe soda na nauli, kisha waondoke kabla ya maamuzi. Hiyo tuiache. Mtu anayechomwa sindano ya kila mwezi ana maswali ambayo sisi hatujawahi kuyaweka kwenye dodoso. Sisi tunauliza kama bado anasikia sauti. Yeye anataka kujua kwa nini mwili unakakamaa baada ya sindano, kwa nini nguo hazimtoshi tena tangu abadilishiwe dawa, na lini atarudi kwenye kibanda chake. Na swali la dirisha la dawa: ulipofika, ilikuwepo au uliambiwa ukanunue nje? Ukiwa huna jibu la hilo, utaandika kwamba mgonjwa ameacha dawa, kumbe dawa ndiyo iliyomwacha yeye.

Waliopo kliniki ya methadone, dawa wanayopewa waraibu wa heroini, wanaelewa zaidi. Ilipofunguliwa Muhimbili mwaka 2011, watu walianza kuja kila siku kunywa dozi mbele ya muuguzi. Kila siku, mvua na jua. Ukifikiria kama mtafiti, hiyo ni data ya ajabu: nani amekuja, nani amekosa, amekosa baada ya nini. Lakini anayejua kwamba Jumatatu watu hukosa kwa sababu ya nauli, au kwa sababu kuna msako kijiweni, ni mteja mwenyewe. Kwa hiyo kwenye kamati yetu wakae kwa idadi, wapige kura, na walipwe kiwango kilekile cha posho anacholipwa daktari kwa kikao kilekile. Mnacheka. Mimi siongei mzaha.

Nilisema nitarudi kwenye swali la tisa. Linauliza kama umewahi kufikiri kwamba ni bora ufe, au kujidhuru. Nimeona fomu ikijazwa, swali likajibiwa "karibu kila siku", mdodosaji akasema asante, akaenda kwa mwingine, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa: usiingilie majibu. Napendekeza kanuni isiyo na mjadala. Hakuna utafiti utakaotumia jina la jumuiya hii ukiwa na swali la tisa bila mtu aliyetajwa kwa jina na namba ya simu, wa kulipokea jibu hilo siku ileile. Huna mtu huyo, ondoa swali, uliza mengine.

Sasa hofu yetu watafiti, tuizungumze maana ndiyo inayoua jumuiya hizi. Umehangaika miaka miwili na vibali, umekusanya watu wako, halafu mwenye kompyuta nzuri achapishe kabla yako. Hofu hiyo ni ya haki. Tuweke muda ambao aliyekusanya anachapisha kwanza. Mimi ningesema mwaka mmoja tangu faili lifungwe, mkitaka miwili nitanyamaza. Ukipita, faili linaingia kwenye utaratibu wa funguo. Na kila anayelitumia amtaje aliyekusanya, pamoja na wadodosaji na wauguzi waliozunguka nalo juani. Kuna wauguzi wamejaza madodoso ya watu wengi mno, jina lao halipo popote, hata kwenye shukrani. Hali ilivyo sasa ni mbaya kwa wote: mwanafunzi wa uzamili anahitimu, tasnifu inakaa maktaba, data zinakufa siku laptop inapoibiwa Ubungo. Mwaka unaofuata mwingine anapita kliniki ileile kuwauliza akina mama walewale maswali yaleyale.

Wageni tunawakaribisha. Utaratibu upo: kibali cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, mkataba wa kuhamisha data pale zinapolazimika kuhama. Kwa mfumo wa kutuma programu, mara nyingi hazitahitaji kuhama, na profesa aliyeko London atasubiri zamu yake kwenye foleni nyuma ya mwanafunzi wa Muhimbili. Basi.

Fedha sitakaa nazo sana. R ni bure. Za kukusanyia data, Kobo ina ngazi ya bure, REDCap taasisi zisizo za kibiashara hupewa leseni bila malipo. Gharama yetu kubwa ni mtu: msimamizi wa data mwenye mshahara na mkataba, anayejua kusema hapana kwa bosi. Tukiomba ufadhili tuombe huyo kwanza, magari baadaye.

Mwenyekiti, karatasi zinapita sasa hivi. Kila aliyewahi kukusanya data za afya ya akili, iwe ya tasnifu au ya mradi, aandike mstari mmoja: mwaka gani, kata gani, dodoso gani, watu wangapi, misimbo inaanzia 0 au 1, faili liko wapi na kwa nani. Jibu la mgonjwa hata moja lisiandikwe humo. Msioona aibu andikeni pia kwamba faili limepotea, tunahitaji kujua yamepotea mangapi. Karatasi hizo zitachapwa na kuwekwa wazi kwa mtu yeyote, na hiyo ndiyo orodha yetu ya kwanza.

Uchaguzi wa mshika ufunguo wa tatu ni baada ya chai, chumba cha pembeni. Wanaopiga kura ni wanaoishi na maradhi na wanaowauguza. Sisi wengine tubaki humu na maandazi yetu. Maswali naomba yaanze kwa dada wa nyuma pale, amenyoosha mkono tangu nilipotaja dirisha la dawa.